Waliowahi kuishi, kusoma au kufuga Kongwa, tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni. Wengi tunaijua Kongwa, wilaya ya mkoa wa Dodoma, kwa kile kibao cha njia panda ya Mbande tu. Basi linasimama, wauzaji wanakimbilia dirishani na karanga (karanga, wakuu! mtaona kwa nini nacheka), safari ya Dodoma inaendelea. Mimi nilikunja kona ile mwaka 2009 nikiwa kijana wa kazi, nikakaa miaka sita. Mliopita huko leteni mlichokiona kwa macho, au mlichosimuliwa na wazee wenu.

Naanza mwenyewe. Ranchi ya Kongwa, hii iliyo chini ya NARCO, kampuni ya ranchi za taifa, ina hekta kama 38,000. Namba hiyo haikuingii mpaka utumwe kwa miguu boma la mbali na kichupa kimoja cha maji. Nilichokipenda ni siku ya josho. Ng'ombe jike mzima wa aina ya Boran anafika ukingoni, anasimama, ananusa maji, anageuza shingo kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Wa nyuma yake hana subira, anamsukuma kwa kifua, chubwi! Anaibukia upande wa pili pua juu, dawa inachuruzika kutoka kwenye nundu. Wakifika mia mbili, na wewe kupe hakugusi wiki nzima.

Mjukuu wa Dereva:
Mleta mada, umenikumbusha babu. Alifundishwa udereva wa trekta na Waingereza, miaka ile ya Mpango wa Karanga. Vita ya Pili ya Dunia ilikuwa imeisha, kwao mafuta ya kula ni ya mgawo, wakaamua karanga zilimwe huku kwetu. Mwaka 1947 wakaanzia Kongwa, baadaye Urambo na Nachingwea. Walitaka ekari zaidi ya milioni tatu, wakihesabu na za Kenya na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo)!

Mitambo mingine ilikuwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta, vikiitwa Shervick. Babu anasema vichaka vya pale ukivikata juu, chini umeacha mizizi inayovunja majembe ya chuma. Na udongo wenyewe: mvua ikinyesha ni uji, jua likiwaka wiki mbili ni tofali la kuchoma. Sasa karanga inazaa ardhini, unaing'oaje kwenye tofali? Na mvua nayo ikakataa. Januari 1951 wakatangaza basi, pauni milioni 36 hivi zimekwenda. Sehemu ya yale mashamba ndiyo ikawa malisho. Babu alikuwa akifika hapo anacheka mpaka anakohoa: "Walikuta Mgogo ana ng'ombe, hakuna aliyemuuliza kwa nini."

Mtoto wa Bweni:
Mimi nimesoma Kongwa Sekondari. Tumelala na kufua nguo mle mle ilikokuwa kambi ya wapigania uhuru, na kidato cha kwanza wala hatukujua. Kuanzia 1964 walikaa pale FRELIMO wa Msumbiji, wakaja ANC wa Afrika Kusini, SWAPO wa Namibia, ZAPU wa Zimbabwe, MPLA wa Angola. Samora Machel amewahi kuongoza wapiganaji wa FRELIMO kambini hapo kabla hajawa rais wa Msumbiji. Chris Hani, mpiganaji wa ANC, naye alipita.

Siku moja walikuja wageni kutoka kusini kuangalia makaburi ya wenzao. Tulipangwa mstari kuimba. Mzee mmoja akatuacha na wimbo wetu, akaenda kusimama peke yake, kofia mkononi, muda mrefu. Aliporudi akatusalimia kwa Kiswahili cha zamani kabisa, kisha akamuuliza mpishi wa shule kama mlenda bado unapikwa. Ulikuwepo. Alikula kwa mkono, hakuongea.

Binti Mpwapwa:
Jamani na upande wa pili usemwe. Vijana wale walikuwa na miaka ishirini na kitu, wakiletwa mji usio na ndugu. Bibi yangu aliwauzia maziwa, na anasema walioa, walizaa, wengine wakaondoka usiku kwenda vitani. Kuna watu wazima huku baba zao walitoka nchi ambazo wao hawajawahi kuzikanyaga. Hilo kwenye sherehe husikii.

Mfugaji Kichwa Ngumu:
Langu ni la aibu. Nilinunua dume la Boran nikaboreshe kundi langu. Nikamshusha nyumbani, watu wamejaa kushangaa, nikamfunga chini ya mwembe kama mbuzi wa ndafu. Miezi mitatu mbavu zinahesabika. Mnyama aliyezoea kutembea na nyasi za kutosha, mimi namletea mabua! Kosa ni langu, simlaumu aliyeniuzia. Anzeni na marobota ya nyasi ghalani, dume aje baadaye.

Binti Mpwapwa:
Pole kaka. Ungesogea kwetu Mpwapwa, hapo jirani tu. Kuna aina ya ng'ombe iliyopewa jina la mji wetu, damu ya Sahiwal, Red Sindhi na zebu wa kienyeji imo, akasukwa kwa ajili ya ukame huu huu. Maziwa anatoa na nyama anayo. Ila kwa umbo Boran anatushinda, nakubali.

Msafiri wa Jumamosi:
Nimevutika. Nitapita wiki ijayo, nitenge siku ngapi?

Mleta mada:
Mbili, mkuu. Ya kwanza lala Kongwa mjini, jioni ni nyama choma. Ya pili asubuhi sekondari na makaburi, ukaombe ruhusa kwanza ofisini kwa mkuu wa shule. Ranchi nayo ni hivyo hivyo, usijiingilie. Ukirudi barabarani pitia soko la mahindi Kibaigwa uone malori yanavyojipanga. Na ukikuta wazee kivulini usianze na "mambo". Anza na "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, utapewa kigoda.