Mjadala: Vita vya Yongle jangwani viliilinda China, au viliisafishia njia adui aliyekuja baadaye?

Wakuu, heshima kwenu.

Akitajwa Kaisari Yongle wa nasaba ya Ming, sisi wa pwani tunamkumbuka kwa merikebu za jemadari wake wa baharini Zheng He na yule twiga wa Malindi aliyefikishwa mbele yake mwaka 1415. Leo naomba tutazame upande wa kaskazini, mpaka wa Wamongolia, ambako alivuka mwenyewe na jeshi mara tano: 1410, 1414, 1422, 1423 na 1424.

Wanaomtetea wana hoja nzito. Wanasema jirani mwenye farasi usipomfuata kwake, atakufuata kwako. Ushahidi wao ni mwaka 1449, Wamongolia walipomteka Kaisari Zhengtong kule Tumu, miaka 25 tu tangu Yongle afe. Mimi naona ushahidi huo unawageuka.

Safari mbili za mwanzo sizibishii sana. Mwaka 1409 jemadari wake Qiu Fu aliingia mtegoni, akauawa na jeshi lake likateketea. Yongle akaenda mwenyewe mwaka uliofuata, akawapiga Wamongolia wa mashariki kwenye mto Onon. Mwaka 1414 akawageukia Waoirat, yaani Wamongolia wa magharibi, na mizinga yake ikawaumiza.

Tatizo langu linaanzia 1422. Mzigo wa safari hiyo ulikuwa punda 340,000 na mikokoteni 117,573, kila mkokoteni na watu wawili, yaani watu 235,146 wa kuswaga tu, kupeleka shi 370,000 za nafaka. Shi moja haiko mbali na gunia. Yote hayo kumfuata mtu mmoja, Arughtai, mkuu wa Wamongolia wa mashariki. Naye alipopata habari aliacha mizigo na mifugo, akatokomea kaskazini. Jeshi likachoma vilivyoachwa, likaswaga mifugo, na njiani kurudi likawashukia Wauriankhai, kundi jingine la Wamongolia.

Kuna mtu alilisema hili mapema, na ndiye aliyenifanya nilete mada hii. Waziri wa fedha Xia Yuanji aliulizwa kama chakula cha jeshi kinatosha. Akajibu kwamba majeshi yanatoka mwaka baada ya mwaka bila kuambulia kitu, kwamba farasi na akiba vimepotea nane hata tisa katika kila kumi, na nchi imechoka ndani na nje. Akatiwa gerezani. Waziri wa vita, Fang Bin, akajinyonga. Walipokwenda kupekua nyumba ya Xia, mtu aliyeshika hazina ya dola nzima, ukiacha fedha za noti alizotunukiwa na Kaisari mwenyewe, walikuta nguo za kawaida na vyombo vya udongo. Nikifika hapo huwa nasimama kidogo.

Mwaka 1423 Arughtai hakuonekana. Mwaka 1424 hakuonekana tena, na Agosti mwaka huo Yongle akafia njiani akirudi, mahali paitwapo Yumuchuan. Akiwa mgonjwa aliwaambia waliomzunguka kwamba Xia Yuanji anampenda. Wakati huo Xia alikuwa bado kifungoni.

Sasa turudi 1449. Aliyemteka Zhengtong ni Esen, na Esen ni Muoirat. Kwa miaka mingi aliyewazuia Waoirat wasitawale nyika yote ni huyohuyo Arughtai. Yongle alimdhoofisha kwa safari tatu mfululizo. Mwaka 1434 Toghon wa Waoirat akamuua Arughtai, na Esen ni mtoto wa Toghon. Kaisari alitumia nguvu zake za mwisho kumvunja mpinzani wa watu ambao baadaye wangemteka kitukuu chake mwenyewe.

Na kitukuu huyo alifuata nini mpakani, kijana wa miaka 21? Najua towashi Wang Zhen alimsukuma. Lakini desturi ya kaisari kupanda farasi na kuongoza jeshi mpakani nani aliipa utukufu wote ule, kama si Yongle?

Msiniletee Onon, hiyo nimeikubali. Anayeamini kwamba punda 340,000 wa 1422 waliinunulia China hata mwaka mmoja wa usalama, aniambie ni mwaka upi na dhidi ya nani.