Hiki kigeji cha wese hakipimi wese, kinabashiri!

Wakuu, leo nimekuja na hasira, mnivumilie. Jambo hili limenikaa kooni miezi mitatu.

Nilinunua kile kifaa cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD (ile mafundi wanayosomea kompyuta ya gari) chini ya usukani, chenye kioo kidogo cha kubandika juu ya dashibodi. Boksi limeandikwa kwa herufi nono kwamba kinapima ulaji wa mafuta kwa usahihi. Hata desimali kinatoa: 14.3, 14.4, 14.3. Ukikitazama utaapa kimeona kila tone likipita. Changa la macho!

Mimi ni mtu wa daftari. Najaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, natembea, narudi pampu ileile, najaza tena na risiti naweka. Tangi la kwanza, safari ndefu: kilomita 612, lita 51. Gawanya mwenyewe, ni kilomita 12 kwa lita. Kifaa kinasema 14.3. Tangi la pili, kilomita 580 kwa lita 47.5, yaani 12.2. Kifaa 14.5. Nikasema sawa, kinazidisha kama asilimia 19, nitakuwa napunguza kichwani. Tangi la tatu nikazunguka mjini tu, safari fupifupi: kilomita 398, lita 41.2. Hiyo ni 9.7. Kifaa kinanionyesha 12.9! Kosa limeruka mpaka asilimia 33. Saa inayotangulia dakika kumi unaizoea. Hii inatangulia kumi leo, ishirini kesho, unaizoeaje?

Na kabla hamjanirukia kwamba labda kioo kimewekwa kwenye galoni: Najua ya Kimarekani ni lita 3.785 na ya Kiingereza 4.546, na wengi wamenaswa hapo. Changu kipo kwenye kilomita kwa lita tangu siku ya kwanza. Umbali sina ugomvi nao, kinapishana na odomita (mita ya kilomita ya gari) kidogo tu. Ukubwa wa injini nimeingiza, lita 1.8, ndio wenyewe.

Ugomvi wangu ni kwamba hiki kitu hakioni mafuta kabisa. Nilikuja kujua baada ya kumsumbua fundi mmoja wa umeme wa magari. Gari nyingi za petroli ukiziuliza kupitia ile soketi "unatumia lita ngapi kwa saa?" hazijibu. Kwa hiyo kifaa kinauliza habari za hewa. Kwa gari langu, ambalo halina sensa ya kupima wingi wa hewa, kinachukua presha ya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda), joto la hewa inayoingia, mzunguko wa injini na ule ukubwa niliouingiza, kinakisia silinda zinajaa kiasi gani, kinapata uzito wa hewa. Halafu kinagawanya kwa 14.7, kwa sababu gramu 14.7 za hewa ndizo zinazounguza gramu moja ya petroli ikaisha yote. Basi! Hiyo ndiyo "kupima".

Sasa injini gani inakaa kwenye 14.7 muda wote? Asubuhi ikiwa ya baridi kompyuta ya gari inaongeza mafuta. Ukikanyaga mpaka chini, inaongeza. Kila ikiongeza, wewe unachoma zaidi ya kile kifaa kinachodhani. Ndiyo maana kwenye safari fupi za mjini kilinidanganya kuliko barabara kuu.

Lakini kilichonichefua hasa ni mteremko. Kuna mteremko mrefu napita mara kwa mara. Nateremka nikiwa kwenye gia, mguu nimetoa kwenye mafuta, spidi 60. Kwa injini ya injekta (vile vinyunyizio vya mafuta), hapo kompyuta inafunga injekta kabisa, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Ulaji ni sifuri. Kifaa kinaandika 27 kwa lita. Siku nyingine, kwa utundu tu, nikaweka nyutro pale pale. Kikaruka hadi 70! Yaani kinanipongeza kwa kushuka mlima bila gia, huku injini imerudi sailensa, yaani inanguruma taratibu bila kuvuta gari, na inakunywa mafuta ili isizimike, na breki nazipa kazi peke yake. Mtu anayekiamini ataanza kuteremka nyutro kila siku akidhani anabana matumizi. Hii si hasara ya wese tu, wakuu, hii ni hatari.

Nikamwandikia muuzaji. Jibu: "Jaza tangi mara tatu, ingiza lita ulizojaza, kifaa kitajifunza." Kujifunza kwenyewe ni kuzidisha kila kitu kwa namba moja. Namba inayonyoosha barabara kuu haitoshi mjini, inayonyoosha mjini inapindisha barabara kuu. Na nisaidieni hapa: kama lazima nijaze tangi, nisome lita kwenye pampu, nimwingizie yeye ndipo aje aniambie nimetumia lita ngapi, kati yetu nani anampimia mwenzake?

Shemeji yangu akakiazima akakichomeka kwenye pikapu yake ya dizeli, maana boksi linasema "magari yote". Gari limesimama, linanguruma tu, kinasoma lita 5 na ushee kwa saa. Dizeli inavuta hewa tele hata ikiwa haina kazi, na mafuta inapewa kidogo sana. Ukigawanya hewa yote ile kana kwamba ni petroli unapata kichekesho. Alicheka mpaka akanirudishia bila kuulizwa.

Kurudishiwa pesa nimekataliwa, eti boksi limefunguliwa. Ningekijuaje bila kulifungua?

Nimekichomoa. Anayetumia kifaa kinachosoma muda injekta inapofunguka, au mwenye gari linalotoa lita kwa saa lenyewe, aseme ni gari gani, la mwaka gani, na aweke risiti za matangi yasiyopungua matatu kando ya alichoonyeshwa kwenye kioo. Wale wa "mbona kwangu kinasoma vizuri" bila risiti, naomba mpite kimya kimya.