Sipi, pango na sinagogi la Nabugoye: mama ana magoti mabovu, tutaweza?

Nyanja_Jinja
Habari zenu. Mama ana miaka 67, magoti yamechoka, na Mlima Elgon ameuona kwa mbali tu, dirishani mwa teksi. Nataka kumpeleka Desemba, siku 3: maporomoko ya Sipi, pango lolote, msitu kidogo, na lile sinagogi la Wayahudi wa Mbale, maana amelisikia sana redioni. Sipi atashuka kweli? Na Nabugoye twende Jumamosi, au tutawasumbua watu na Sabato yao?

Kahawa_Kapchorwa
Desemba ni sawa, mvua inakuwa imepungua. Mimi mzaliwa wa huku, na niliwahi kuongoza wageni.

Maporomoko ni 3. Wageni wote hukimbilia lile kubwa la chini, karibu mita 100. Mama asishuke hilo, tafadhali. Kushuka utamshika mkono. Kurudi ndiko kwenye kesi. Manyunyu hayakauki, udongo unateleza hata jua likiwa kali. Nimewahi kumpandisha mzee mmoja mgongoni, na hakunisamehe kwa aibu ile. Akae ukingoni, senta ya Sipi, analiona lote akinywa kahawa ya hapa hapa.

Pango mwonyesheni, hasa lililo nyuma ya maji. Elgon ni volkano iliyozimika zamani sana. Chini ya jiwe gumu kuna tabaka laini la majivu na kokoto vilivyogandamana. Maji huling'ata hilo laini, paa linabaki. Aguse ukuta: unamomonyoka vidoleni kama mkate mkavu. Nyanya yangu alikuwa akiukwangua na kuwapelekea mbuzi, maana una chumvi. Tochi msisahau.

Msitu, nendeni lango la Kapkwai, la kuingilia Hifadhi ya Mlima Elgon. Njia fupi zipo, na mbega mtawasikia kabla ya kuwaona.

Namatala_Mbale
Jumamosi nendeni kama mnataka ibada. Kama mnataka picha, chagueni siku nyingine, kwa sababu Sabato simu inakaa mfukoni. Ulizeni kwanza kabla ya kufika, na wewe kama ni mwanamume vaa kofia. Nyimbo zinapanda na kushuka kati ya Kiebrania na Kiganda, mama atajikuta anaitikia. Ni watu wa Semei Kakungulu, chifu wa Kiganda aliyeshika dini hiyo ya Kiyahudi mwaka 1919. Jengo kubwa la sasa ni la 2016. Msilale Mbale bila kula malewa ya karanga, yaani machipukizi ya mianzi.

Kahawa_Kapchorwa
Malewa ya Mbale ni sawa, lakini mianzi yenyewe inatoka huku juu, tusisahauliane.

Nyanja_Jinja
Asanteni sana. Nimemsomea mama yote. Ukingoni amekubali, ila pangoni anasema ataingia hata kwa makalio, na anauliza kama anaruhusiwa kubeba kipande cha ukuta kwa ajili ya mbuzi wake.

Kahawa_Kapchorwa
Mwambie aguse tu. Wakija watu wote na mifuko, paa litatuangukia.