Kupandikiza nywele: nikatwe ukanda, nitolewe mzizi mmoja mmoja, au nianze na dawa?

PanjaWazi: Wakuu, nina miaka 27. Panja zimerudi nyuma, na nikisimama chini ya taa ngozi ya utosi inang'aa. Nilikwenda kuulizia, nikaelezwa njia mbili: kukatwa ukanda wa ngozi kisogoni, ile wanayoiita FUT, au kutolewa mzizi mmoja mmoja, yaani FUE. Dawa hakuna aliyezigusia, ila mtu wa mapokezi alinibana nilipe siku hiyohiyo, nikakataa. Mliopitia, mnasemaje?

KisogoChepesi: Pole, na hongera kwa kutolipa. Mimi nilifanya FUE nikiwa na 34. Wananyoa kisogo chote, wanapiga ganzi (sindano za ganzi ndizo zinazouma, kinachofuata ni uchovu tu), kisha kijichuma cha mviringo chenye upana wa milimita moja hivi kinazungushwa kuuzunguka kila mzizi. Nililala kifudifudi nusu ya siku. Siku ya tatu uvimbe wa paji ukashukia machoni, nikawa kama bondia aliyepigwa.

Lakini hakuna aliyenitayarisha kwa wiki ya tatu. Naamka, mto umejaa vile vinywele nilivyopandikiziwa. Nikajua nimetapeliwa. Kumbe ndivyo ilivyo: unywele unadondoka, mzizi unabaki umelala. Mwezi wa nne vikaanza kuchomoza, vyembamba kama vya mtoto, na picha kamili niliiona baada ya mwaka.

Mkwaruzo: Mimi nilikatwa ukanda. Kovu langu ni mstari mmoja kutoka karibu na sikio hili hadi lile. Nikiacha nywele ndefu kidogo halionekani, nikinyoa fupi linaonekana. FUE nayo ina makovu, msidanganywe, ila ni vidoto vilivyotawanyika. Faida ya ukanda ni kwamba unapata mizizi mingi kwa mara moja bila kunyolewa kisogo kizima. Kwa hiyo swali la kwanza kwako: unapenda kunyoa fupi?

MamaMkasi: Nimesuka na kunyoa watu miaka mingi, niongeze la nywele za kipilipili. Unywele wetu haujipindi juu tu, hata ndani ya ngozi mzizi umepinda. Anayechimba wima anaukata katikati, na mzizi uliokatwa huenda usiote tena popote. Muulize huyo daktari amefanya vichwa vingapi vya namna hii, na kama atajaribu kwanza sehemu ndogo. Ukiwa mtu wa kuota makovu yanayovimba hata kwa kutoboa sikio, mwambie kabla ya kitu chochote. Uzuri wake ni kwamba nywele zilizojipinda zinafunika ngozi vizuri, hivyo mizizi michache inatosha.

Na dada zangu mnaosoma kimyakimya: nywele zinazodondoka miezi michache baada ya kujifungua kwa kawaida hurudi zenyewe. Kingo zilizoliwa na misuko ya kubana, legezeni kwanza. Kichwa kinachowasha au kuuma huku kikiota upara katikati ni cha daktari wa ngozi. Ugonjwa ukiwa hai, hata zilizopandikizwa zitaliwa.

Mzee_wa_Daftari: Kijana, 27 ni mapema. Kupandikiza nywele ni kama kupandikiza mpunga: unahamisha miche, huongezi mbegu. Nywele za kisogo na pembeni zina asili ya kustahimili ile homoni inayokondesha za mbele, na zikihamishwa zinabaki na asili hiyo. Basi. Zile zako za zamani zinazozunguka eneo hilo zinaendelea kukonda. Ukijaza panja leo kwa mstari wa chini wa kivulana, ukifika 45 utakuwa na kisiwa cha nywele mbele na uwazi nyuma yake, na kisogo kimeshachimbwa.

Ndiyo maana dawa zinatangulia. Minoksidili ni ya kupaka. Ilianza kama dawa ya shinikizo la damu, wagonjwa wakaota nywele. Finasteraidi ni kidonge cha miligramu 1 kwa siku, kinapunguza homoni yenyewe. Baadhi ya wanaume hupungukiwa hamu ya tendo la ndoa, wengine huvurugika hisia, kwa hiyo ni cha kuandikiwa na daktari. Kinashusha pia kipimo cha damu cha tezi dume, PSA, kwa karibu nusu, basi anayekupima ajue. Mjamzito asiguse kilichovunjika.

PanjaWazi: Shikamoo mzee. Kwa hiyo dawa ni maisha?

Mzee_wa_Daftari: Marahaba. Ukiacha, ulichokiokoa kinaondoka ndani ya miezi. Zipe mwaka mmoja, piga picha kila mwezi, mahali palepale, taa ileile.

KisogoChepesi: Mimi natumia hadi leo. Na ukirudi kule, uliza nani hasa atashika hicho kichuma. Kwangu daktari alichora mstari kwa kalamu, akaondoka; nilimwona tena wakati wa kufungwa bandeji. Uliza pia wanahesabu mizizi au nywele, maana mzizi mmoja hubeba unywele mmoja hadi minne, na namba kubwa inanoga kwenye karatasi.

Mkwaruzo: Au nunua mashine ya kunyolea, namba sifuri. Nisingekuwa na huu mstari ningeshafanya hivyo.

PanjaWazi: Haya, picha ya kwanza nimepiga leo chini ya taa ya bafuni. Inatisha. Daktari wa ngozi ni Alhamisi.