Matokeo ya uchaguzi yameniuma na ami yangu wa CCM anaozesha mwezi ujao. Niende?

Kijana wa Wete
Asalaam aleykum wana jamvi. Naombeni ushauri, na tafadhali tusiugeuze uzi huu kuwa kampeni, zimeshakwisha.

Mimi ni ACT-Wazalendo, upinzani. Nilizunguka shehia nzima kuhimiza watu wapige kura. Tangu tume itangaze kuwa Dk. Hussein Mwinyi wa CCM kashinda urais wa Zanzibar kwa asilimia 74.8, moyo haujatulia. Usingizi hauji, redio nimezima, barazani sikai tena.

Kinachonitesa zaidi ni nyumbani. Ami yangu, aliyenilea baba alipofariki, ni CCM damu. Siku ya matokeo maskani yao walipiga ngoma mpaka usiku na yeye alikuwepo. Hakunambia neno baya. Mwezi ujao anaozesha binti yake, na wenzangu wanasema nisiende wala nisichange. Mama analia tu. Nifanyeje?

Mchuma Karafuu
Pole ndugu yangu. Mie nakwambia usiende. Ukionekana unakula biriani yao, watasema umeshakubali na yamekwisha.

Bi Mkubwa wa Konde
Wee Mchuma Karafuu, ya 2016 uliyaona? Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulipofutwa, kisha ukaja wa marudio tarehe 20 Machi, hapa Pemba tulisusiana mpaka kwenye maziko. Duka la mwenye chama kingine halinunuliwi, salamu haiitikiwi. Mimi nilikuwa CUF, chama cha upinzani cha wakati ule, mume wangu CCM. Alifariki mwaka ule ule. Wanawake niliopanga nao foleni ya kura hawakuja hata kunipa mkono, na hao ni wa chama changu mwenyewe. Aliyefuta uchaguzi alikuwa mwenyekiti wa tume. Aliyesusiwa akawa marehemu mume wangu.

Mwanangu, nenda, na uchange. Kama ngoma zile zilikuuma, mwambie ami yako kabla ya siku yenyewe, mkiwa wawili.

Mwalimu, Unguja
Naongeza kidogo. Mwaka 1995 Dk. Salmin wa CCM alitangazwa rais kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif wa CUF. Januari 2001 watu waliuawa huko huko Pemba wakiandamana kupinga matokeo ya 2000, wengine wakavuka na vyombo hadi Shimoni, Kenya. Uchungu wa matokeo kwetu una historia, kwa hiyo asikuharakishe mtu kusahau. Lakini tazama Maalim alivyofanya: aliyapinga matokeo mara nyingi, na bado alifika mahali akakaa na waliotangazwa washindi. Novemba 2009 alikaa na Rais Amani Karume wa CCM, na Julai 2010 wananchi wakaipitisha Serikali ya Umoja wa Kitaifa kwa asilimia 66.4. Desemba 2020 aliapishwa Makamu wa Kwanza wa Rais chini ya Dk. Mwinyi huyu huyu. Na hakuwa CCM kwa kufanya hivyo.

Na kama uliona kasoro kituoni, ziandike sasa ungali unakumbuka: kituo gani, saa ngapi, nani alikuwepo. Wape chama chako.

Mchuma Karafuu
Bi mkubwa, Mungu amrehemu marehemu. Hilo sikulijua. Lakini mbona kila siku anayeambiwa avumilie ni aliyeshindwa? Wao nani atawaambia waache kutupigia ngoma milangoni?

Bi Mkubwa wa Konde
Swali lako ni la haki. Ataambiwa na huyu kijana aliyemlea. Mimi nikienda kumwambia hanisikilizi. Ndiyo maana sitaki wasusiane.

Kijana wa Wete
Nimesoma yote, Mungu awalipe. Mchango nampa mama leo aupeleke. Kasoro nazo nitaziandika. Ila hilo la kwenda kumwambia ami, bi mkubwa, nitaanzia wapi? Tangu utotoni sijawahi kumjibu.

Bi Mkubwa wa Konde
Nenda baada ya alasiri, peke yako. Muulize matayarisho yamefika wapi na wewe upangiwe kazi gani. Akishakupangia, mwambie: ami, usiku ule sikulala. Kisha nyamaza umsikilize.