Ushauri: siku tano kwenye mji wa wavuvi, nipange vipi ratiba ya baharini?

Mgeni_wa_Pwani
Heshima kwenu wakuu. Mwezi ujao tunakwenda kwenye mji mdogo wa wavuvi, pwani ya ukanda wa joto, watu wazima watatu na mtoto wa miaka saba. Tunataka kuogelea, kutembea mwambani, kukodi chombo tukaone matumbawe, na kununua samaki wabichi tupike wenyewe. Nimepanga hivi: kila siku saa tatu asubuhi kuogelea, saa nane mchana safari ya chombo. Bahari siijui kabisa. Nikosoeni, na mniambie cha kubeba.

Bamvua
Mkuu, ratiba hiyo itakufa siku ya pili. Mji wa wavuvi hauendi kwa saa ya ukutani, unakwenda kwa maji. Pwani nyingi maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Toka kujaa hadi kupwa ni kama saa sita na robo, na kila siku yanachelewa kwa takriban dakika 50. Yakijaa saa tatu asubuhi siku ya kwanza, siku ya tano yatajaa saa sita na dakika 20. Saa tatu yenu itakuta hayajafika hata nusu, na pale mlipoogelea ni mawe na majani.

Kabla ya kulipia chumba, angalia mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, kwa kawaida yakizidi siku moja au mbili baadaye. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti ndogo na mikondo dhaifu. Kama kutembea mwambani ndiyo hamu yenu kubwa, nendeni wakati wa bamvua. Kama ni mtoto kujifunza kuogelea, maji mafu ni bora.

Jambo linalowaponza wageni ni kudhani maji hupanda kwa mwendo mmoja. Hayapandi hivyo. Mabaharia hugawa ujazo mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Tuseme tofauti ya kupwa na kujaa ni mita 3.6. Saa ya kwanza maji yamepanda sentimita 30 tu, mtu anajiona ana muda. Saa ya tatu peke yake yanaongezeka sentimita 90, na ongezeko hilo pekee linamfika mtoto wenu kifuani. Tena hayaji kwa mbele kama mnavyotazamia. Mfereji ulio kati ya mwamba na ufuko hujaa kwanza, nyuma ya migongo yenu. Kwa hiyo anzeni kwenda mwambani muda wa saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, na maji yakigeuka nanyi geukeni. Msingoje kuyaona yanakuja.

Jedwali la maji mnalolipata huwa ni la bandari kubwa iliyo karibu. Mji wenu unaweza kutofautiana nalo. Waulizeni wavuvi. Hata hivyo pwani hazilingani: sehemu za Ghuba ya Mexico maji hujaa mara moja tu kwa siku, na Karibiani tofauti ni ndogo mno. Kama mnakwenda huko, nusu ya haya niliyoandika hayawahusu.

Kidau_Kimoja
Hapo kwa Bamvua sina la kuongeza. Mimi naingia kwenye chombo.

Saa nane mchana ni saa mbaya. Jua likishapasha nchi kavu, upepo wa baharini huanza kuvuma kuelekea pwani na mara nyingi huzidi alasiri. Mawimbi madogo yanasimama, na maji juu ya matumbawe yanachafuka, hamtaona kitu. Tokeni asubuhi mapema, mrudi kabla ya adhuhuri.

Kabla ya kukubaliana na nahodha, hesabu majaketi okozi kwa macho yako. Usiridhike na "yapo". La mtoto liwe la kipimo chake na liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Mtoto akivaa la mtu mzima, humtoka kichwani akiingia majini. Angalia kama kuna kasia au tanga la akiba injini ikizima, na ndoo ya kukumbia maji. Mafuta yagawanywe theluthi tatu: ya kwendea, ya kurudia, ya dharura. Swali la mwisho ndilo wengi husahau: tutakaporudi, maji yatakuwa wapi? Chombo kikikuta yamekupwa hakifiki ufukweni, mtashuka mbali mtembee juani na mizigo kichwani.

Dawa ya kichefuchefu humezwa nusu saa hadi saa moja kabla. Ukishaanza kutapika haina kazi. Kipimo cha mtoto muulize mfamasia. Kaeni katikati kuelekea tezi (nyuma ya chombo), macho kwenye upeo, na asiangalie simu mtu.

Mama_Sanduku
Miguuni: viatu vya maji vyenye soli ngumu, si ndala. Mwambani kuna viumbe wa miiba mirefu myeusi, na kuna samaki anayefanana na jiwe ambaye mwiba wake una sumu kali. Kwenye mchanga tembeeni kwa kuburuza nyayo, taa (samaki bapa mwenye mwiba mkiani) akihisi mtikisiko anaondoka. Makombe yenye umbo la koni msiyaokote, aliyemo ndani huchoma, na baadhi yao huua.

Mtu akichomwa na taa au samaki huyo wa jiwe, mtumbukize mguu kwenye maji ya moto yanayovumilika, yasizidi nyuzi 45, dakika 30 hadi 90, kisha hospitali. Maji yapimwe kwa mguu usiochomwa. Uliochomwa hauhisi vizuri, mtamwunguza.

Jua: shati la mikono mirefu linashinda losheni yoyote. Losheni iwe ya SPF 30 au zaidi, ipakwe upya kila saa mbili na kila mkitoka majini. Chagueni yenye zinki. Baadhi ya kemikali nyingine hudhuru matumbawe, na Palau ilizipiga marufuku mwaka 2020.

Chumvi_Tele
Yavuyavu (samaki-jeli) akiwachoma, mkojo unamaliza kazi.

Mama_Sanduku
Hapana ndugu yangu. Mkojo na maji yasiyo ya chumvi vinaweza kuvifyatua vijifuko vya sumu vilivyobaki ngozini. Kusugua ndiyo kabisa. Suuza kwa maji ya bahari, ondoa minyiri kwa kibano. Siki hufaa kwa yavuyavu wa umbo la sanduku, lakini si kwa kila aina, hivyo ulizeni pwani hiyo ina aina gani.

Mgeni_wa_Pwani
Asanteni sana, ratiba nimeichana. Samaki je? Tukinunua asubuhi, tupike jioni?

Jiko_la_Mkaa
Mnaweza, ila kwa barafu. Katika joto hilo pimeni kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki, iliyopondwa, chini na juu, na maji yake yawe na njia ya kutoka. Samaki mpya macho yametuna na yanang'aa, matamvua mekundu, ukimbonyeza nyama inarudi. Anayenuka "samaki" kashapita wakati wake. Mpya hunuka bahari.

Jodari na vibua ndio wa kuogopa zaidi wakikaa juani. Ndani yao hutengenezwa histamini, kemikali inayomdhuru mlaji, na kupika hakuiondoi. Uso mwekundu, kichwa kugonga na mwasho muda mfupi baada ya kula ni dalili zake. Chewa mkubwa sana, mzia au mkunga kutoka mwambani anaweza kuwa na sumu nyingine itokayo kwa vijimea vya matumbawe, nayo haisikii moto wala friza. Wavuvi wa hapo hujua mwamba upi una shida. Kuleni wadogo. Bunju, yule samaki anayejivimbisha, mwacheni kabisa.

Mgeni_wa_Pwani
La mwisho wakuu. Siku ya tano tunapanda ndege saa kumi jioni. Asubuhi yake naweza kuzamia kwa mitungi ya hewa?

Kidau_Kimoja
Usithubutu. Baada ya kuzamia mara moja subiri angalau saa 12 kabla ya kuruka, na kama umezamia mara kadhaa au siku mfululizo, saa 18. Mitungi maliza siku ya tatu au ya nne asubuhi. Siku ya tano elea juujuu na miwani tu, hiyo haina neno, mradi uangalie maji yanajaa saa ngapi.