Mafundi na wauzaji: acheni kuzika laptopu za watu kwa "kadi ya Wi-Fi imekufa"

Wakuu, naufungua uzi huu nikiwa na hasira, na nataka kila anayeuza au kutengeneza laptopu za mtumba ausome mpaka mwisho.

Mtu ana laptopu ya 2010, 2011 au 2012. ThinkPad, ProBook, Latitude, mashine za ofisi ambazo bado zina miaka ya kazi mbele yake. Inawaka, kibodi nzima, nyaraka zinafunguka. Shida yake ni moja tu, haishiki Wi-Fi. Akiifikisha kibandani anajibiwa ndani ya nusu dakika: kadi imekufa. Au: tuipige Windows. Inapigwa Windows upya, draiva iliyokuwemo (programu inayoiendesha kadi) inafutika, na shida iliyokuwa moja inakuwa mbili. Analipa ufundi, analipa adapta ya USB isiyofanya kazi, mwisho anauziwa laptopu nyingine. Huko ni kumpiga mtu mchana kweupe, hata kama anayempiga hajui kwamba anapiga.

Kadi nyingi zinazozikwa hivi ni nzima. Kilichobadilika ni mtandao: rauta mpya na simu mpya zinarusha mawimbi ambayo kadi ya 2010 haikuundwa kuyasikia, au zinadai ulinzi ambao draiva yake haiujui. Hilo halitibiwi kwa kupiga Windows.

Kabla hujagusa bisibisi, uliza swali moja: laptopu haioni mtandao wowote, au inaona ya majirani lakini si wako, au inauona wako ila inagoma kuunga, au imeunga lakini kurasa hazifunguki? Hayo ni magonjwa manne tofauti. Fundi anayeyatibu yote kwa dawa moja anabahatisha.

Tuanze na lile la kutoona chochote. Fungua Device Manager, orodha ya Windows ya vifaa vilivyomo kwenye laptopu. Kadi iliyokufa kweli kwa kawaida haionekani humo kabisa. Ukikuta "Network Controller" yenye alama ya njano, kadi iko hai na inaomba draiva. Bofya kulia, ingia Properties, kisha Details, chagua Hardware Ids. Utaona maandishi kama PCI\VEN_14E4&DEV_4727. Nne za kwanza ni mtengenezaji: 8086 ni Intel, 14E4 ni Broadcom, 168C ni Atheros, 10EC ni Realtek. Nne za pili ni chipu yenyewe. Hiyo 4727 ni Broadcom BCM4313. Ukiwa na namba hizo hupakui tena "mkusanyiko wa draiva zote" wa gigabaiti kadhaa uliojaa matangazo na takataka. Unatafuta draiva moja.

Kadi ikiwemo na draiva ipo, lakini orodha ya mitandao ni tupu? Angalia swichi. Ndiyo, swichi. ThinkPad nyingi za enzi hizo zina kitelezi kidogo ukingoni mwa kasha, na HP nyingi zina kitufe chenye taa inayokuwa ya rangi ya chungwa redio ikizimwa. Kwenye Linux (mfumo endeshi mbadala wa Windows) fungua dirisha la amri, andika rfkill list. Ukiona "Hard blocked: yes", ujue kuna kitu cha kubonyeza kwa mkono, hakuna programu itakayokusaidia. Kwenye Windows hakikisha huduma ya WLAN AutoConfig inaendeshwa, maana programu za "kuongeza kasi" huizima.

Sasa hili la pili, ambalo ndilo linaniudhi kuliko yote: laptopu inaona mitandao ya majirani lakini si wa nyumbani, na si hotspoti ya simu. Hapo mtu anaapiwa kwamba kadi "imedhoofika". Kadi haidhoofiki kwa kuchagua jina la mtandao!

Fungua cmd (dirisha la amri la Windows), andika netsh wlan show drivers. Soma mstari wa "Radio types supported". Hayo ni majina ya vizazi vya Wi-Fi. Ukikuta 802.11b, 802.11g na 802.11n tu, bila 802.11a wala 802.11ac, kwa kawaida kadi hiyo inaishi kwenye bendi ya mawimbi ya 2.4 GHz peke yake, haisikii ile ya 5 GHz. BCM4313, Atheros AR9285 na Intel Centrino Wireless-N 1000 zote ziko hivyo. Hotspoti ya simu ikirusha kwenye 5 GHz, kwa kadi hiyo haipo duniani. Tiba iko kwenye simu. Kwenye iPhone 12 na za baadaye washa "Maximize Compatibility" ndani ya Personal Hotspot. Kwenye Android nyingi ingia mipangilio ya hotspoti, tafuta "Extend compatibility" au "AP Band", weka 2.4 GHz. Ni sekunde kumi, na ni bure.

Kwa rauta, ipe 2.4 GHz jina lake tofauti na la 5 GHz ili ujue unaunga wapi. Kisha angalia chaneli. Marekani chaneli zinazotumika kwenye 2.4 GHz ni 1 mpaka 11, na kadi nyingi zilizotengenezwa kwa soko lile hazisikilizi 12 wala 13. Rauta ikiwa kwenye "Auto" inaweza kuhamia 13 usiku, na asubuhi laptopu iliyotoka Marekani haina mtandao wakati simu zote zinao. Mtu anadhani ni uchawi. Funga rauta kwenye 1, 6 au 11, upana 20 MHz, na shida imeisha. Kwenye rauta za Wi-Fi 6 zima pia 802.11ax (ndiyo Wi-Fi 6 yenyewe) upande wa 2.4 GHz, ubaki b/g/n. Draiva za zamani, hata za kadi nzuri za Intel kama 7260, hushindwa kabisa kuuona mtandao wa ax mpaka zisasishwe.

Tatu, inauona mtandao ila inagoma hata nywila ikiwa sahihi. Hapo mshukiwa wa kwanza ni WPA3, ulinzi mpya wa Wi-Fi uliotangazwa 2018. Windows 7 haiijui. Hata hali ya mchanganyiko WPA2/WPA3 huzitoa jasho baadhi ya draiva kongwe, hasa pale ulinzi wa fremu unaoitwa PMF ukiwekwa "Required". Kwenye rauta weka WPA2-PSK, AES, na PMF iwe "Disabled" au "Optional". Kuna wanaoshauri urudi kwenye ulinzi wa kale wa WEP au TKIP ili "iwe nyepesi": nawaomba mwache. WEP inavunjwa kwa dakika chache, na ukichagua TKIP kadi ya n inarudishwa kwenye mwendo wa g, yaani 54 Mbps za kwenye karatasi ambazo mkononi ni takribani 20.

Nne, imeunga, ishara imejaa, na kila ukurasa unasema muunganisho si salama. Tazama saa ya laptopu. Ikisoma Januari 2009, umepata jibu. Betri ndogo ya ubao mama, CR2032 ya volti 3, imeisha, hivyo kila ukizima tarehe inarudi nyuma, na vyeti vyote vya tovuti (uthibitisho wa kidijitali kwamba tovuti ni yenyewe) vinaonekana havijaanza kutumika. Kwenye laptopu nyingi betri hiyo imefungwa ndani ya plastiki ikiwa na nyaya mbili na plagi, si kama ile ya kompyuta ya mezani, kwa hiyo nunua yenye plagi hiyo hiyo. Saa ikiwa sawa na bado inagoma, kosa ni la kivinjari na vyeti vya mizizi, vile vinavyothibitisha vyeti vingine: kimoja kilichotumiwa na tovuti nyingi mno kiliisha muda tarehe 30 Septemba 2021. Kwenye Windows 7 weka Firefox 115 ESR, inabeba vyeti vyake yenyewe. Chrome iliishia toleo la 109 kwa Windows 7, msihangaike kutafuta jipya.

Nije kwenye adapta za USB. Wauzaji, hapa mnatutia hasara kwa makusudi. Boksi limeandikwa "1200 Mbps, inafanya kazi na Windows zote", chipu haijatajwa popote, na ndani kuna sidii ndogo ya draiva. Asiye na kiendeshi cha sidii afanyeje? Apakue kwenye intaneti ambayo ndiyo anayoitafuta? Nyingine huandikwa "Free Driver". Maana yake ni kwamba ukiichomeka inajitokeza kwanza kama sidii yenye draiva ndani, na inageuka kuwa Wi-Fi baada ya kuwekewa hiyo draiva. Kwenye Linux inabaki sidii milele mpaka uiamuru. Ukiandika lsusb (amri ya kuorodhesha vifaa vya USB) ukaona 0bda:1a2b, chipu ni ya Realtek na bado imejificha. Amri ni sudo usb_modeswitch -K -v 0bda -p 1a2b, kisha andika lsusb tena uone namba imebadilika.

Kwenye Windows 7 kuna mtego mwingine: draiva inaingia vizuri, halafu Device Manager inatoa "Code 52". Hapo draiva imesainiwa kwa SHA-2, aina mpya ya saini ya kidijitali, na Windows yako haijui kusoma saini hiyo. Weka masasisho ya Microsoft KB4490628, halafu KB4474419, washa upya. Adapta iliyorudishwa dukani kama mbovu inaamka.

Nunua kwa chipu, si kwa boksi. AR9271 na MT7601U ni za 2.4 GHz, na kwenye Linux zinatambulika zenyewe. Ukitaka 5 GHz, tafuta MT7610U au MT7612U. Muuzaji asiyeweza kusema chipu gani iko ndani, mpite.

Na draiva ya kwanza unaipakuaje bila intaneti? Kwa simu. Chomeka Android kwa waya wa USB, ingia mipangilio ya hotspoti, washa "USB tethering". Linux inaitambua papo hapo. Windows 7 mara nyingi pia; ikigoma, nenda Device Manager, chagua draiva kwa mkono: Network adapters, Microsoft, "Remote NDIS". Simu nyingi hupitisha hata Wi-Fi ya nyumbani kwa waya huo, kwa hiyo bando lako haliguswi. Kitufe cha tethering kikiwa cha kijivu na hakibonyezeki, badilisha waya. Nyingi za bei rahisi ni za chaji tu, hazina nyuzi za data.

Nimebakiza la kubadilisha kadi ya ndani, na hapa hasira yangu inawahusu watengenezaji. ThinkPad za enzi ya T420 na X230, na HP nyingi za wakati huo, BIOS yake (programu ya ndani inayoiwasha mashine) ina orodha ya kadi zinazoruhusiwa. Ukiweka nyingine laptopu haiwaki. ThinkPad inaandika "1802: Unauthorized network card is plugged in", HP inaandika "104-Unsupported wireless network device detected". Mtu kanunua kadi nzima kwa pesa yake na mashine ni yake, bado anakatazwa. Basi fundi, kabla hujamuuzia mteja kadi, hakikisha ni ile iliyotoka kwenye modeli hiyo hiyo, yenye stika ya namba ya kipuri ya mtengenezaji wa laptopu.

Kwenye kuifungua, nawaomba mikono ya taratibu. Zima, toa betri, piga picha nyaya za antena kabla hujazichomoa. Vichwa vyake vinaitwa U.FL, vidogo kuliko punje ya mchele, na vimeundwa kustahimili kuchomwa na kuchomolewa kama mara 30 tu. Inua wima kwa ukucha. Ukivuta kwa waya, unang'oka. Laptopu inayoshika mtandao ikiwa mita moja na rauta, na kuupoteza ukivuka mlango, mara nyingi ni waya huo umechomoka au umefungwa nusu. Hiyo nayo nimeona inaitwa "kadi imekufa".

NYONGEZA: Wanaouliza kuhusu Windows XP, bila Service Pack 3 haina WPA2 ndani yake, na usasishaji wake uliisha 2014. Kwa RAM ya 2 GB weka Linux nyepesi. Kuanzia Debian 12 ya 2023 ambayo ni aina ya Linux, kisakinishi kinakuja na fimwea (programu ya ndani ya kadi) za kadi nyingi, ila Broadcom kongwe zinazotumia draiva ya b43 bado zinapakua yake, kwa hiyo simu iwe imechomekwa tayari.

Anayeuliza kama kadi ya 802.11ac inaingia kwenye laptopu ya 2011: Intel 7260HMW ni Mini PCI Express nusu, yaani kadi fupi, na inashika 5 GHz, mradi BIOS haina orodha. Nafasi ikiwa ya kadi ndefu utahitaji kipande cha bati cha kuirefushia ili skrubu zifike. Ikiingia na redio ikabaki imezimwa hata swichi ikiwa juu, ziba pini ya 20 kwa kipande chembamba cha utepe usiopitisha umeme. Ndiyo pini inayobeba amri ya kuzima redio. Hesabu kwa uangalifu: pini ziko 52, witiri upande mmoja wa kadi, shufwa upande wa pili.